Siku Nilipoulizwa Kama Ninakubali

Ninaandika haya nikimfikiria mtu ambaye leo ameketi kwenye benchi la kliniki ya magonjwa ya akili, amejitanda leso mpaka puani, anaomba Mungu asipite mtu wa kwao. Nimekuwa mtu huyo. Nilijifunza kugeuza uso ukutani kila mlango ulipofunguliwa. Sasa naweza kusimulia bila sauti kukatika, ingawa mikono bado inatetemeka kidogo kwa sababu ya dawa.

Jina langu ni Atyang. Nilizaliwa Malaba, kwa Wateso, nikaolewa na Wandera, Msamia wa Funyula, fundi wa kuchomelea vyuma. Tuna mtoto mmoja, Ajiambo, ambaye alikuwa na miaka sita haya yalipoanza. Mimi ni ajenti wa forodha. Lori likifika mpakani, ninashughulikia kibali cha mzigo hadi livuke kwenda Uganda. Ni kazi ya kelele: simu mbili mkononi, dereva amekasirika, mwenye mzigo anapiga kuuliza tumefika wapi, na foleni ya malori imerudi nyuma hata huoni mkia wake. Niliipenda kazi hiyo. Hesabu za ushuru nilizifanya kichwani nikitembea, na madereva waliniita madam.

Ugonjwa wangu ulikuja na sura ya baraka. Ulikuwa msimu wa kuvuna mahindi. Usingizi ulipungua na wala sikuutamani. Nilikuwa nafua nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi, halafu naenda kazini mwepesi kama niliyelala siku nzima. Nilichanganya Kiteso, Kisamia, Kiswahili na Kiganda katika pumzi moja, watu wakacheka, nami nikacheka kuwashinda. Wandera aliniambia, "Mama Ajiambo, unaongea mpaka mimi ndio nachoka." Nikamwona ana wivu.

Mchana mmoja nikajua, kwa uhakika ule ule ninaojua jina langu, kwamba nimetumwa kufungua mpaka. Nilitembea kando ya foleni nikigonga milango ya malori. "Washeni! Leo hakuna kibali! Kila mtu aende kwao!" Matanboi, wale wasaidizi wa madereva, wakapiga miluzi. Wengine waliwasha injini kwa mzaha, nami nikaona kwamba neno langu limesikika. Joto lilikuwa linanichoma kutoka ndani. Nikavua viatu, nikavua blauzi, nikaendelea kutembea. Ndipo simu zikatolewa, watu wakaanza kunipiga picha.

Dereva mmoja mzee, mtu wa Mombasa, alishuka kwenye lori lake na kikoi mkononi. Akanifunika mabega. "Mwanangu, jua kali hili. Njoo ukae kivulini kidogo." Nilimtukana. Nilimng'ata mkono. Hakukiachia kile kikoi. Aliwageukia waliokuwa na simu akasema, "Huyu ni mtoto wa watu. Zitieni mfukoni." Wengine walitii, wengine hawakutii. Alikaa nami chini karibu na gurudumu mpaka Wandera akaja. Sijamwona tena tangu siku hiyo, na sikuwahi kujua jina lake.

Wandera na kaka yake walinipeleka Funyula, kwa mama mkwe. Yeye alikuwa ameshaamua kwamba ni mapepo. Alinipeleka kwenye boma moja la maombi huko vijijini, ambako wagonjwa kama mimi walilala kwenye mikeka wakingoja kufunguliwa. Sitawasema vibaya watu wale. Waliniombea kwa machozi ya kweli. Lakini walinifunga kwa kamba ya katani, mikono na mguu mmoja, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa mfungo, chakula kilikuwa kidogo. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekaza mafundo. Kila nilipoona kamba imelegea nilivuta, naye akaja akakaza tena, haniangalii usoni. Nilijikojolea. Ngozi ya vifundo vya mikono ikachubuka, ikatoa usaha. Siku moja Ajiambo aliletwa kuniona, na nikampigia kelele mpaka akajificha nyuma ya bibi yake. Hilo silikumbuki. Niliambiwa.

Aliyenitoa ni dada yangu Apio. Apio hununua omena, wale dagaa wa ziwani, huko Osieko na kuziuza Malaba, na habari zangu zilimfikia ufuoni, kutoka kwa mtu aliyeona ile picha kwenye simu. Alikuja vile vile alivyokuwa, na harufu ya samaki, na gunia tupu begani. Akaangalia mikono yangu. Kisha akamgeukia Wandera, ambaye alikuwa amekuja kuniletea nguo.

"Shemeji, hata ng'ombe unamfungua anywe maji."

"Dada, wazee wamesema tungoje."

"Wazee wangoje. Mimi naenda naye hospitali. Wewe unakuja ama unabaki?"

Wandera alikuja. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa anangoja mtu amwambie hivyo, kwa sababu yeye peke yake hakuweza kusimama mbele ya mama yake. Busia nilidungwa sindano, nikalala usingizi wa kwanza wa kweli tangu mavuno yaanze, na daktari akaandika barua ya kunituma kwenye hospitali ya mafunzo ya chuo kikuu, mbali na kwetu, kule juu kwenye baridi.

Wodi ya wanawake ilikuwa na blanketi nzito na madirisha ya juu. Wiki za mwanzo ziko kwangu kama nguo iliyoliwa na panya. Nakumbuka taya limekaza. Nakumbuka ulimi mzito, mate yakinitoka kwenye kona ya mdomo bila mimi kujua, na miguu ambayo haikutaka kutulia kitandani wala chini. Nakumbuka nesi mmoja aliyekuwa akinilisha uji kwa kijiko na kungoja nimeze kila mara, kama vile hakuwa na mgonjwa mwingine siku hiyo. Alikuwa nao wengi. Dawa moja ilibadilishwa, taya likalegea, na siku moja nikatambua kwamba mikono yangu imefungwa bandeji safi na kwamba hakuna kamba.

Ile ilikuwa hospitali ya kufundishia, kwa hivyo asubuhi walikuja wengi pamoja: profesa, mama mfupi mwenye miwani aliyekuwa mkuu wa idara ya magonjwa ya akili, na nyuma yake madaktari wanafunzi wenye makoti meupe ambayo bado yalikuwa na mistari ya kukunjwa. Mmoja wao, msichana aitwaye Chebet, ndiye aliyepewa mimi. Alileta kiti, akaketi, akauliza mambo mengi kwa upole: nililala vipi, nilisikia sauti gani, nani kwetu aliwahi kuugua hivi. Kisha akasema, "Sasa dada, mia moja toa saba ni ngapi?"

"Tisini na tatu."

"Toa saba tena."

Nikatafuta. Mimi niliyekuwa nikipiga hesabu ya ushuru wa lori zima nikitembea, nikaingia ndani ya kichwa changu na nikakuta hakuna mtu. Tisini na tatu ilikuwa imesimama pale peke yake na haikutaka kusogea. Nililia kwa sauti. Chebet aliweka kalamu chini. Alikuwa mdogo sana, na macho yake mwenyewe yalikuwa yamejaa.

"Pole dada. Tuache hiyo. Tuache tu." Akabaki ameketi, hajui kama aondoke au akae. Akakaa.

Kesho yake profesa alikuja mpaka kitandani kwangu, wanafunzi wakabaki nyuma kidogo. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha jirani ili macho yetu yalingane.

"Mama Ajiambo, mimi ni mwalimu wa hawa. Ningependa Chebet awaeleze wenzake habari za ugonjwa wako, wewe ukiwepo, ndio wajifunze. Unaweza kukubali, unaweza kukataa. Ukikataa matibabu yako yanabaki vile vile. Unakubali?"

Nilingoja mtu ajibu. Nilimtafuta Wandera kwa macho, nikamtafuta Apio, na hawakuwepo. Profesa alikuwa ananitazama mimi, na hakuonekana kuwa na haraka.

"Hapana," nikasema.

"Sawa. Asante kwa kunijibu." Akasimama, na kundi zima la makoti meupe likahamia kitanda kingine.

Nilivuta blanketi mpaka kichwani. Nilikuwa na hakika kwamba adhabu inakuja. Uji wa saa nne ukaja, na kijiko kikangoja kama kawaida. Dawa za mchana zikaja. Nesi akaniita jina langu. Jua lilipoanza kushuka dirishani ndipo nilipoamini kwamba hakuna kitakachotokea, kwamba nimesema hapana na watu wazima wenye elimu wameichukua wakaenda nayo. Tangu ugonjwa unishike nilikuwa nimebebwa, nimefunikwa, nimefungwa, nimefunguliwa, nimedungwa. Mengine yaliniokoa. Lakini hakuna aliyekuwa ameniuliza jambo akangoja jibu. Usiponisikiliza kwa lolote lingine hapa, sikiliza hili: siku ile ndiyo ninayoihesabu kwamba nilianza kupona, ingawa kwenye faili nafikiri wameandika siku nyingine.

Mvua ndefu zilipokaribia, profesa aliuliza tena, na mara hiyo nilikubali. Nilikaa kwenye kiti mbele yao, nimechana nywele. Chebet akaanza kusoma kwa Kiingereza, na profesa akamkatiza, "Kwa Kiswahili. Mwenyewe yuko hapa." Mwanafunzi mwingine akasema kwamba mgonjwa alivua nguo hadharani kwa sababu ya kujiona mkubwa.

"Nilikuwa nasikia joto," nikamwambia. "Kujiona mkubwa ilikuwepo, hiyo ni kweli. Lakini blauzi ilikuwa joto."

Walicheka, nami nikacheka nao, kicheko kifupi chenye mwanzo na mwisho. Kisha wote wakainama wakaandika.

Nilitoka wodini mahindi mapya yakiwa yamefika magotini. Nilitoka na mwili wa mtu mwingine. Dawa niliyopewa ya kushikilia akili inaleta kiu, kiu ambayo haiishi, na nilikuwa nikitembea na chupa ya maji kama dereva wa masafa marefu. Nilinenepa mpaka zipu za nguo zangu zote zikakataa. Mikono ilitetemeka kiasi kwamba nilikunywa chai kwa vikombe vilivyojaa nusu. Dawa hiyo hupimwa kwenye damu, kwa hivyo nimekaa kwenye benchi la maabara asubuhi nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, mkono wa blauzi umekunjwa, pamoja na wenzangu ambao sura zao sasa ni kama za ndugu. Kulikuwa na dereva wa lori wa Malaba ambaye tulijuana tangu zamani. Kwa muda mrefu tulijifanya hatujuani. Siku moja akasogea kwenye benchi akaniambia, "Madam, hata wewe?" Nikamwambia, "Hata mimi, boss." Tangu hapo tunashikiana nafasi.

Kazini walinipokea kwa adabu iliyozidi. Wengine waliongea nami polepole na kwa sauti ya juu, kama kwa kiziwi. Ile picha bado ilikuwa inazunguka. Niliijua kwa namna vijana walivyonyamaza nikipita. Sikurudi kwenye foleni mara moja. Ajenti mwenzangu alinipa meza ofisini kwake nishughulikie hati, na hapo, miezi ikipita, hesabu zilirudi moja moja, kama kuku wanaorudi baada ya mvua.

Kilichonishinda ni nyumbani. Mama mkwe alikuwa amemwandikisha Ajiambo shule ya Funyula, na nilipokwenda kumchukua aliniambia mlangoni, bila hasira, "Mtoto atakaa hapa."

"Mama, daktari amesema niko sawa."

"Daktari amesema uko sawa leo."

Ajiambo alitokea nyuma yake, akanipa mkono na kupiga goti kidogo, kama anavyosalimiwa mgeni. Nilirudi Malaba peke yangu. Wandera alikwenda na kurudi kati yetu sisi wawili, akakonda. Tulikaa mezani tukila, sahani ya tatu iko kabatini. Usiku mmoja alisema, "Siwezi kumnyang'anya mama yangu mtoto kwa nguvu. Na siwezi kukaa hivi." Mvua fupi zikaja, zikaenda. Niliendelea kumeza dawa, kwa maana sikuwa na jambo lingine la kumwonyesha yeyote.

Siku moja kliniki alikuja mtafiti wa idara ile ile, bwana mmoja mpole aitwaye Barasa. Walikuwa wanataka kujua watu wa mpakani hupitia njia gani kabla ya kufika hospitali: kwa nani kwanza, kwa nani halafu, ni nini kinachowachelewesha. Alinieleza kwamba ninaweza kukataa. Nilikuwa nimeshajua. Nilikubali, Wandera akakubali, na bila tumaini lolote nikampelekea mama mkwe ujumbe. Nilishangaa aliposema mtafiti aje.

Mama mkwe alitupokea, mimi, Wandera na Barasa, sebuleni, amevaa gauni la kanisani. Barasa akaweka kinasa sauti mezani akamwuliza kama angependa mimi nitoke.

"Atyang akae," mama mkwe akasema. "Akae asikie."

Barasa aliuliza, "Mama, mara ya kwanza kuona ugonjwa kama huu ilikuwa lini?"

Alisogeza kiti karibu na meza. Kisha akasema kwamba alikuwa na mdogo wake, Nabwire. Wandera aligeuka akamtazama. Hakuwahi kulisikia jina hilo. Nabwire alikuwa ameolewa karibu na ziwa. Alianza kucheka bila sababu, akaacha kulala, akawa anagawa vyombo vya nyumba kwa wapita njia. Walimleta nyumbani wakamfunga ndani ya ghala la mahindi. Mama mkwe, akiwa msichana, ndiye aliyeachiwa kumlinda.

"Alinililia kamba inamuumiza. Nikailegeza. Nikaenda kuchota maji." Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha meza. "Niliporudi hayupo. Tulimtafuta mpaka ziwani. Wavuvi ndio walimpata."

Alikilaza kitambaa, akakinyoosha kwa kiganja.

"Kwa hivyo huyu nilipomfunga," akasema, akinionyesha kwa kidevu, "nilimfunga vizuri."

Barasa alinyoosha mkono kwenye kinasa sauti. "Mama, tunaweza kuishia hapo."

"Wacha iende. Mmesema mnataka kujua."

Niliondoka kwenye kiti changu nikaenda kukaa karibu naye. Aliushika mkono wangu, akaugeuza, akapitisha kidole gumba juu ya kovu la kamba, upande huu hadi upande ule. Nilikuwa nimemchukia mwanamke huyu tangu mavuno yale hadi sebule ile. Sitasema chuki iliisha hapo hapo. Ila ilipoteza mahali pa kukaa.

Kliniki iliyofuata alitaka kuja. Alikaa kwenye benchi pamoja nami, kanga imemfunika uso, na tulipoingia kwa profesa aliuliza swali lake kabla hajasalimia vizuri.

"Daktari, upande wangu yuko Nabwire. Upande wa pili yuko huyu. Mtoto amezungukwa. Nikimweka mbali na mama yake, si ugonjwa utampita?"

Profesa hakumdanganya. Alimwambia ugonjwa huu huweza kufuata damu, na mara nyingi haufuati, na kumweka mtoto Funyula hakubadilishi lolote katika hilo. "Ugonjwa ukija, mama, kitakachomsaidia ni nyumba ambayo watu wanautambua mapema na hawaogopi kuutaja. Nyumba gani inaujua kuliko yenu?"

Mama mkwe alishusha kanga usoni. Kisha akamwuliza profesa kama kuna dawa ambayo ingemsaidia Nabwire wakati ule. Profesa akavua miwani akasema, "Ilikuwepo. Haikuwa imefika kwenu." Mama mkwe akashika kichwa akalia, na tulimngoja.

Ajiambo alirudi kwetu likizo ya Aprili. Bibi yake alimleta mwenyewe, na kuku wawili, na maagizo mengi kuhusu meno na sala. Kwa siku kadhaa mtoto alinitazama kutoka mbali kidogo, kama mtu anayengoja kuona mbwa huyu anang'ata au hang'ati. Sikumlazimisha. Asubuhi moja nilikuwa jikoni namenya viazi, akaja akaketi kwenye kigoda, akachukua kiazi, akaanza kukizungusha mikononi.

"Mama, bibi amesema ulikuwa mgonjwa wa kichwa."

"Ndiyo."

"Sasa umepona?"

"Ninakunywa dawa, na nimepata nafuu."

"Itarudi?"

Nilitamani sana kumwambia hapana. "Inaweza kurudi. Ukiona mama halali, na anaongea mbio mbio, na anacheka sana, mwambie baba. Kama baba hayupo, mpigie Apio."

Alifikiri, kiazi kikiwa kimetulia mkononi. "Na wewe? Nikuambie ama nikufiche?"

"Niambie," nikasema. "Mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. Hata nikikasirika."

"Hata ukipiga kelele?"

"Hata nikipiga kelele."

Akatikisa kichwa kukubali, kwa uzito wa mtu aliyepewa kazi. Kisha akanisogezea kiazi na kuniomba kisu, akitaka nimwonyeshe jinsi ya kumenya bila kukata vidole.